Nusu Sekunde Iliyofichua Hila

Kwa miaka mingi nimewafundisha wanafunzi hoja ya Eric Raymond ya mwaka 1997: programu huria ikitazamwa na wengi, kasoro zake hufichuka upesi. Tangu Machi 2024 naifundisha kwa tahadhari.

XZ Utils, programu ndogo ya kubana mafaili inayotumika katika mifumo mingi ya Linux, ilitunzwa na Lasse Collin bila ujira. Alipokiri kuchoka, watu wasiojulikana walimshinikiza agawe madaraka. Mchangiaji aliyejiita Jia Tan, baada ya kufanya kazi halali kwa zaidi ya miaka miwili, alipenyeza mlango wa siri katika matoleo 5.6.0 na 5.6.1. Kiungo muhimu cha hila hiyo hakikuwamo katika hazina ya wazi. Kilichomekwa katika vifurushi vya kupakuliwa.

Macho mengi hayakuona. Andres Freund, akipima kasi ya programu nyingine kabisa, alishangaa kwamba kuingia kwenye kompyuta kwa mbali kulichelewa nusu sekunde. Uwazi, nakiri, ulimwezesha kufuata nyayo hadi chanzo.

Toleo lililosafishwa, 5.6.2, lilitoka mwezi Mei. Alilitoa Collin yuleyule.