Mkonge wa Mazinde, Kotisoni na Vidonda vya Tumbo

Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Uzao wake ukaenea hadi Mombo na Mazinde, tambarare inayoonekana chini kabisa ukisimama ukingoni mwa mlima, Irente, Lushoto.

Jani la mkonge likipita kwenye korona, mashine ya kuchambua singa, singa hizo ni takriban asilimia 4 tu ya uzito wake. Kinachobaki ni makapi na majimaji ya kijani yanayowasha ngozi, na kwa miaka mingi yalimwagwa tu. Mwaka 1951 wakemia watatu wa London, Callow, Cornforth na Spensley, walieleza kwamba humo mna hekojenini. Majimaji yakichacha, tope hutuama. Likichemshwa na asidi, kemikali hiyo hupatikana.

Hekojenini ilitafutwa kwa hamu, kwa kuwa ni malighafi ya kutengenezea kotisoni. Tangu 1948, Mayo Clinic ya Marekani ilipompa mgonjwa wa baridi yabisi kotisoni, homoni ya tezi za adrenali, zile zinazokaa juu ya figo, naye akapata nafuu, dunia nzima iliitaka. Ilitengenezwa kwa nyongo ya ng'ombe, kwa hatua zaidi ya 30. Mkonge wa Afrika Mashariki ukafupisha njia, na kampuni ya Glaxo ikautumia. Historia hii imejaa majina ya wanasayansi. Manamba, vibarua waliokata majani yale, hawatajwi, nami naona ni dhuluma.

Tumbo nalo lina kisa chake. Mwaka 1936 Hans Selye, huko Montreal, aliona panya wenye dhiki wakivimba adrenali na kuvuja damu tumboni. Homoni ya tezi hizo, ya jamii ya kotisoni, ikabebeshwa lawama. Baadaye majaribio ya Ludmila Filaretova, Urusi, yalionyesha kinyume: panya waliozuiwa kuitoa wakati wa dhiki waliumia zaidi, kwa kuwa homoni hiyo husaidia damu na ute kuulinda ukuta wa tumbo. Dozi kubwa za muda mrefu za dawa za jamii ya kotisoni ndizo huchelewesha seli na mishipa mipya kuziba kidonda, tena huficha maumivu. Zikichanganywa na dawa za maumivu kama diklofenaki au aspirini, hatari huongezeka sana.

Kwa hiyo mwenye vidonda vya tumbo anayeandikiwa prednisoloni, dawa ya jamii hiyo, kwa ajili ya pumu amweleze daktari mapema. Na aliyeitumia kwa wiki nyingi asiiache ghafla: tezi zake zimeshazoea kutofanya kazi, na dozi hupunguzwa polepole hadi zianze tena.