VLC na IPv6: programu ya video ilivyofundishwa anwani mpya

Wadau, wengi wetu tunaijua VLC kama ile programu yenye alama ya koni ya barabarani, inayofungua mafaili ya sinema yaliyokataliwa na programu nyingine zote. Lakini VLC haikuzaliwa kwa ajili ya sinema za kwenye flashi. Ilianza mwaka 1996 kama mradi wa wanafunzi wa École Centrale Paris, kule Ufaransa, waliotaka kurusha matangazo ya runinga ya setilaiti kwenye mtandao wa chuo chao, kila mmoja aone kwenye kompyuta yake. Mwaka 2001 ikawekwa chini ya leseni huria ya GPL. Ndiyo maana mimi na wewe tunaruhusiwa kuchungulia jikoni kwake.

Kwa nini ihamishiwe IPv6? Anwani ya IPv4 ina biti 32, kwa hiyo zote duniani ni kama bilioni 4.3. Hazitoshi hata kila mtu kupata moja. Ghala kuu la dunia liliisha Februari 2011, na AFRINIC, inayogawa anwani barani Afrika, ikaingia hatua ya mwisho ya kugawa kwa kubana Januari 2020. Dawa ya muda imekuwa NAT: kafe nzima inajificha nyuma ya anwani moja. Kutazama video utatazama bila shida. Ila jaribu wewe kurusha harusi ya dada yako kutoka kwenye mashine hiyo, mjomba aliyeko Muscat aivute moja kwa moja. Ataifikiaje, wakati mashine yako haina anwani inayoonekana nje? Hapo ndipo tulipogeuzwa watazamaji watupu, na ukitaka kurusha lazima upitie kwa tajiri mwenye seva. IPv6 ina biti 128, kila mashine inapata anwani yake mwenyewe na nyingine zinabaki.

Sasa kuna watu wanadhani kazi ni kurefusha tu nafasi ya anwani. Thubutu! Programu za zamani zilikuwa zinauliza jina la seva kwa amri ya gethostbyname na kutegemea jibu moja la IPv4. Mahali pake ikaja getaddrinfo, ambayo inarudisha orodha: huenda anwani mbili za IPv6 na moja ya IPv4. Programu lazima ijaribu moja baada ya nyingine mpaka ipate inayoitika. Hilo ni badiliko la mawazo, si la namba.

Na hapo pakazuka balaa jingine. Zamani kama njia ya IPv6 ilikuwa mbovu, kivinjari kiliisubiri sekunde nyingi kabla ya kurudi kwenye IPv4, na mtazamaji anakodolea kioo cheusi huku dakika za kafe zinakatika. Dawa yake ilichapishwa mwaka 2012, wataalamu wakaipa jina la utani Happy Eyeballs, yaani mboni zenye raha: anza na IPv6, isipojibu haraka anzisha na IPv4 pembeni, atakayewahi ndiye atumike. Toleo la 2017 linapendekeza kusubiri milisekunde 250 tu.

Uandishi wenyewe pia ulileta kizaazaa. Tumezoea nukta mbili (:) kutenganisha anwani na namba ya mlango, kumbe anwani ya IPv6 yenyewe imejaa nukta mbili. Kwa hiyo tangu Desemba 1999 sheria inasema ifungwe kwenye mabano ya mraba, hivi: http://[2001:db8::5]:8080. Kila mstari wa programu uliokuwa ukikata maandishi kwenye nukta mbili za kwanza ulipaswa kutafutwa na kurekebishwa.

Kwa RTSP, itifaki ya kuomba na kuongoza video, anwani huwa inatajwa pia ndani ya ujumbe. Maelezo ya matangazo yana mstari unaoanza na c=IN IP4, nao ukabidi ukubali IP6. Kwa maltikasti, ambapo mrushaji anatuma mara moja na wote waliojiunga wanapokea, anwani za 224 hadi 239 zikaachia nafasi zile zinazoanza na ff.

Ila mimi kinachonivutia kuliko vyote ni ukubwa wa pakiti. Video ya MPEG-TS huenda kwa vipande vya baiti 188, na desturi ni kufunga vipande 7 pamoja, jumla 1,316. Ongeza vichwa: RTP 12, UDP 8, IPv6 40. Unapata 1,376. Kwenye kebo ya kawaida inayobeba 1,500, hakuna neno. Lakini IPv6 inaahidi njia ya 1,280 tu, na baadhi ya njia zinazopitishwa ndani ya IPv4 huishia hapo hapo. Ruta ya IPv6 haikati pakiti njiani kama ya IPv4, inaitupa na kumtumia mrushaji ujumbe wa ICMPv6 kwamba mzigo umezidi. Sasa fundi fulani akizuia ICMP yote eti kwa usalama, ujumbe haufiki. Matokeo: mawasiliano yanafunguka, picha haiji, na kila mtu analaumu VLC! Fungasha vipande 6 badala ya 7 na jumla inashuka hadi 1,188. Inapita.

Tusidanganyane lakini. IPv6 haiongezi kasi ya laini yako, na ruta nyingi bado zinazuia wageni wasioalikwa hata kama una anwani yako, kwa hiyo mrushaji lazima afunguliwe mlango.

Unataka kujua kama kafe yako imefikiwa? Kwenye Windows fungua cmd, andika ipconfig. Ukiona fe80 peke yake, hiyo ni ya ndani ya chumba tu. Ukiona inayoanza na 2, nyingi za Afrika zinaanza na 2c0f, mwite mwenye kafe muulize kama yuko tayari kukufungulia mlango mmoja.