Kabla ya Chapo, Desemba Yetu Ilikuwa Wimbi

Desemba iliyopita nilishuka steji ya Suneka na kreti moja ya soda, pakiti nne za bisikuti na keki ya duka. Wacha niwaambie kwa nini hiyo kreti ilikuwa muhimu. Mimi niliacha chuo nikiwa mwaka wa pili, na kijijini habari kama hiyo hufika kabla yako. Sasa nilikuwa nimepata pesa yangu ya kwanza ya maana kutokana na video, na nilitaka boma lote lione.

Mtoto wa dada yangu alikuwa na miezi kumi. Nikafungua soda, nikamshikia kikombe, akakunja uso, watu wakacheka. Nikarekodi.

Usiku huo mtoto hakulala. Tumbo lilimsumbua mpaka majogoo. Asubuhi magokoro, yaani nyanya yangu, hakunigombeza. Alikuwa jikoni anakoroga uji wa wimbi. Aliniuliza swali moja tu: "Hiyo soda ulimnunulia mtoto, ama ulijinunulia wewe?"

Wasee, hilo swali lilinikalia. Chuo niliacha, lakini kusoma sikuacha, kwa hivyo nikaanza kutafuta. Hii sahani ya Krismasi ya chapo, wali na soda, ambayo tunaichukulia kama mila, ilitoka wapi?

Iko hivi. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka wa 1896 na ikafika Kisumu 1901. Wahindi zaidi ya 30,000 waliletwa kuijenga, na chapati ikaja na Wahindi. Ngano nayo ilisukumwa na masetla. Lord Delamere aliihangaikia kule Njoro, na mwaka wa 1908 akaanzisha kampuni ya Unga Limited. Kwetu Gusii, Waingereza walifungua kituo chao Kisii mwaka wa 1907, maduka yakafuata. Wamisionari Wakatoliki wakaingia Nyabururu mwaka wa 1911, na hapo ndipo Krismasi yenyewe ikaanza kuzoeleka.

Kwa hivyo chapo haikutoka shambani kwetu. Ilikuwa chakula cha kununua, na kitu cha kununua husema kuna mtu kwenu anashika pesa. Hapo ndipo ilipata hadhi yake. Ukiangalia vizuri, kreti yangu ilikuwa inasema maneno yaleyale ambayo pakiti ya unga wa ngano ilisema enzi hizo.

Mahindi meupe pia yana hadithi yake. Masetla waliyapenda kwa sababu viwanda vya wanga Uingereza vililipa vizuri kwa mahindi meupe. Baada ya uhuru, mwaka wa 1964, mbegu chotara zikatoka kituo cha utafiti cha Kitale, na wimbi likazidi kusukumwa pembeni. Hata siwezi kuwalaumu wamama wa wakati huo. Wimbi ni kazi. Palizi yake inavunja mgongo kwa sababu magugu yanafanana nalo, unavuna kichwa kimoja kimoja kwa kisu, halafu unasaga kwa jiwe. Mahindi yalimpumzisha mama.

Shida ni kile tulichoacha nyuma. Wimbi, obori kwa Ekegusii, ni nafaka ya nyanda za juu za Afrika Mashariki, ilifugwa na kukuzwa na watu wa huku maelfu ya miaka iliyopita. Gramu 100 zake zina karibu miligramu 340 za kalsiamu, na mahindi hayafikii hata robo ya hapo. Hiki ndicho kilikuwa chakula cha sherehe. Vijana wa kiume walipotoka jandoni mwisho wa mwaka, watu walikula ugali wa wimbi kutoka kwenye ekee, na kuku, na chinsaga iliyolainishwa kwa maziwa. Wazee walikunywa pombe ya wimbi. Leo wimbi tunampa mgonjwa na mama aliyejifungua, halafu siku ya sherehe tunalificha.

Lakini tusidanganyane, wazee wetu hawakuwa malaika. Robert na Barbara LeVine, Wamarekani walioishi Gusii kati ya 1955 na 1957, waliandika kwamba mtoto mchanga alilishwa uji kwa nguvu: anazibwa pua ili ameze ndipo apumue. Nilipomuuliza magokoro kama ni kweli, alicheka kidogo, akanyamaza, halafu akasema, "Tuliogopa njaa." Siku hizi Shirika la Afya Duniani linasema maziwa ya mama pekee kwa miezi sita ya kwanza. Na msimu huohuo wa Desemba ndio wasichana walikuwa wakikeketwa. Sheria ya 2011 ilikataza, na ilifanya vizuri. Kwa hivyo sisemi kila kitu cha kale kirudi. Nasema tuchague kwa akili, badala ya kuchaguliwa na aibu.

Na kuchagua si ngumu. Mtoto aliyepita miezi sita mpe uji mzito wa wimbi uliopondewa ndizi mbivu, au avokado, ambayo Kisii imejaa mpaka inaoza chini ya miti. Yai lililoiva vizuri. Chinsaga iliyokatwa ndogo sana na kupikwa na maziwa. Chumvi na sukari weka kando, na asali asubiri mpaka amalize mwaka mmoja, kwa sababu inaweza kubeba vijidudu ambavyo tumbo changa haliwezi kupambana navyo. Wakubwa kidogo wanataka chapo? Ponda malenge uchanganye kwenye unga, itoke ya manjano, wataigombania. Njugu zima usiwape walio chini ya miaka mitano, zinakaba. Saga.

Ile video ya soda niliifuta. Ilikuwa na watazamaji wengi kuliko kitu chochote nilichowahi kuweka, na sitadanganya, iliniuma.

Mwaka huu nitashuka tena pale Suneka na kilo mbili za wimbi kutoka sokoni. Najua kuna watu watasema mambo yamenigeukia, pesa imeisha. Wacha waseme. Mtoto sasa anatembea, na magokoro ameahidi kunionyesha jinsi ya kukoroga uji bila madonge. Wewe unabeba nini ukienda ocha, na unambebea nani?