"Poa": neno letu au la kuazima?

Wadau, mambo vipi? Najua wengi mmeshajibu "poa". Basi leo tuliongelee neno hilo hilo, maana hapa hosteli ubishi hauishi. Wapo wanaosema "poa" ni "cool" ya Wamarekani iliyotafsiriwa tu, eti vijana tumeiga mpaka salamu. Mimi mtoto wa Bulyaga, pale Tukuyu, ambako baridi haitafutwi, nasema tuangalie historia kwanza.

"Cool" kwa Kiingereza cha zamani ni ubaridi, halafu utulivu wa mtu asiyepapatika. Maana ya "safi sana" ilienezwa na Wamarekani weusi, hasa wanamuziki wa jazi, kwenye miaka ya 1930 na 1940. Albamu ya Miles Davis iliyotoka 1957 inaitwa Birth of the Cool. Mwaka 1973 msomi Robert Farris Thompson akaandika kwamba wazo lenyewe lina mizizi Afrika. Wayoruba wana neno "itutu", ubaridi na utulivu wa moyo kwa pamoja. Kumbe tunaambiwa tumeiga kitu ambacho huenda kilitoka huku huku!

Turudi nyumbani. Kupoa ni kitenzi cha Kibantu, na kimo kwenye kamusi ya Johnson ya 1939. Uji unapoa, hasira zinapoa, ugomvi unapoa. Kwa hiyo maana ya utulivu tulikuwa nayo siku nyingi. Kilichobadilika ni sarufi: kitenzi kikaanza kusimama kama kivumishi, tena bila kiambishi. Mtu poa, watu poa, kitu poa. Miaka ya 1990 zikaja redio binafsi na Bongo Flava, neno likasambaa. Kwamba "cool" iliongeza mbolea sikatai, lakini mbegu ilikuwa shambani. Na yule aliyeanza kusema "poa kichizi kama ndizi" hakuitoa ndizi Marekani, sisi wa Tukuyu tunajua.

Sasa oneni utamu wake. "Chai poa" ni sifa, "chai iliyopoa" ni lawama, hasa Bulyaga asubuhi ya mwezi wa saba. "Biashara poa", mwenye duka anacheka. "Biashara imepoa", analia. "Yuko poa" ni mzima, "amepoa" ana jambo moyoni. Neno lililoazimwa jana lisingekuwa na mizizi yote hiyo.

Ila lina mipaka jamani. Ukirudi likizo mzee akakuuliza habari za masomo, usimjibu "poa". Anza na shikamoo, kisha sema "nzuri" au "salama". Hapo ndipo wazee wanapoona tumeharibika, na wana haki. "Poa" ni neno la rika, kama utani: kwa mwenzako ni undugu, kwa babu ni dharau. Kwa hiyo akija mtu kukwambia unaongea Kizungu kwa Kiswahili, mwambie neno ni la kwetu. Cha kuangalia ni unamwambia nani.

Haya, naingia maktaba. Kaeni poa.