Mposho na mbegu

Zamani, jamaa ya mfanyakazi wa Union Minière, kisha Gécamines, ilihesabu mwaka kwa mposho: unga ulifika, bukari ikapikwa. Mvua ilikuwa habari ya watu wa kijiji. Miaka ya 1990 mishahara ikakosekana. Mwaka 2003 Gécamines ikaachisha watu zaidi ya 10,000, eti kwa hiari. Wengi wakashika jembe. Pembeni ya mji, kama kule Kasungami, mwaka ukapangwa kuanzia mbegu. Shida ni tarehe: minerval ya batoto ba sekondari inadaiwa Septemba, mvua ya kupanda inakuja Novemba, mahindi yanakauka Aprili. Basi mahindi ya mbegu yanatundikwa juu ya moshi wa jiko, na mama, si baba, ndiye anahesabu yaliyobaki.