Nasaba ya Majoka na Mizani ya Utumwa

Katika Fire & Blood, kitabu kilichotoka mwaka 2018, mwandishi wa Kimarekani George R. R. Martin anamwachia mwanachuoni wa kubuni, Gyldayn, asimulie tarikhi ya ukoo wa Targaryen. Mwanachuoni huyo aeleza jinsi Aenar Targaryen alivyouza milki yake katika dola ya Valyria, akahamia kisiwa cha Dragonstone pamoja na wake zake, utajiri wake, watumwa wake, majoka yake na jamaa zake. Miaka 12 baadaye Valyria ikateketea, na ukoo uliohama ukasalimika. Watumwa wametajwa kwa neno moja, baina ya utajiri na majoka, kisha tarikhi ikaendelea na safari yake.

Neno hilo moja ndilo linalozua mushkili. Utukufu wa Valyria ulichimbwa ardhini na watumwa, chini ya milima 14 ya moto, na Targaryen walikuwa miongoni mwa koo zilizotawala kwa majoka. Baadaye Aegon aliishinda Westeros, nchi ambayo dini zake zaharamisha utumwa. Basi wazao wa mabwana wa watumwa wakageuka kuwa walinzi wa sheria inayoukataza. Jorah Mormont, aliyewauza wawindaji haramu kwa mfanyabiashara wa watumwa, alilazimika kuikimbia nchi. Hata hivyo mkulima wa Westeros, asiyeitwa mtumwa, alichomewa shamba na kila jeshi lililopita. Jina la utumwa lilifutwa, lakini dhiki ya mnyonge ilibaki.

Katika A Storm of Swords, riwaya ya mwaka 2000, anasimama Daenerys, mzao wa ukoo ule ule, aliyeozwa na kaka yake kwa tamaa ya kupata jeshi. Anaikomboa Astapor, kisha Yunkai, kisha Meereen. Ni rahisi kwa msomaji kudhani kwamba hapo deni la mababu limelipwa. Martin hakuishia pale mnyororo ulipokatika. Baraza lililoachwa Astapor lilipinduliwa na Cleon, muuza nyama, naye akawatia utumwani watoto wa waliokuwa mabwana. Huko Meereen baadhi ya watu waliomba ruhusa ya kujiuza wenyewe. Malkia aliwaruhusu, na hazina yake ikachukua sehemu moja ya kumi ya bei, sawa na ushuru waliokuwa wakitoza mabwana wa Astapor. Mkono uliovunja pingu ndio huo huo uliopokea ushuru.

Msomaji wa visiwani haoni ugeni katika kisa hiki, kwani Unguja nayo ilikuwa na ukoo wa kifalme na soko la watu. Mwaka 1873 Sayyid Barghash, akitishwa na manowari za Waingereza, alitia saini mkataba uliolifunga soko la Mkunazini. Mwaka 1897 Sayyid Hamoud akatoa amri ya kufuta hadhi ya utumwa kisheria. Amri hiyo haikumwacha huru kila mtumwa siku ile. Ilimpa haki ya kwenda kuudai uhuru wake. Aliyeupata alipaswa kuonesha ana makazi na njia ya kujikimu, la sivyo ahesabiwe mzururaji. Bwana aliyethibitisha umiliki wake alilipwa fidia. Aliyevuja jasho katika mikarafuu hakulipwa. Masuria nao waliachwa nje ya amri hiyo hadi mwaka 1909.

Na nani aliyeyaandika? Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, aliyejulikana Ujerumani kwa jina la Emily Ruete, alichapisha kumbukumbu zake mwaka 1886. Mama yake alikuwa suria wa Kicherkesi, aliyetekwa angali mtoto. Hata hivyo binti huyo aliutetea utumwa wa Mashariki, akiuona mpole kuliko wa Wazungu huko Amerika. Si kwamba hakumpenda mama yake, alimpenda mno. Lakini aliyaona mambo kutoka barazani kwa mfalme, na huko ndiko anakotazama pia Gyldayn wa Martin.

Kwa hiyo haitoshi kuuliza kama ukoo fulani ulimiliki watumwa au uliwakomboa, kwani koo nyingine zilifanya yote mawili na kusifiwa kwa yote mawili. Hukumu ya haki huanzia siku ya pili ya uhuru: aliyefunguliwa alilala wapi, alikula nini, na ardhi aliyoilima ilibaki kwa nani.

Jawabu analo mtoto mmoja wa riwaya hiyo, Missandei, mkalimani wa miaka kumi. Alipokuwa mtumwa wa Astapor aliyafasiri matusi ya bwana wake yakamfikia malkia kwa lugha ya adabu. Alipoambiwa kuwa yu huru, alisema hana pa kwenda, akabaki kumtumikia aliyemkomboa. Martin hakumpa hotuba ndefu. Lakini anayetaka kuupima ukoo wa majoka, au ukoo wowote uliojijenga kwa migongo ya wengine, na aanze na mtoto huyo aliyesimama mlangoni mwa uhuru bila kujua njia ya kwao.