Nyangumi wa Alaska: Wawindaji na wanasayansi walivyokutana katika hesabu moja

MWAKA 1977 uliwaletea Wainupiat, wenyeji wa kaskazini kabisa mwa jimbo la Alaska, Marekani, habari nzito. Tume ya Kimataifa ya Nyangumi (IWC) ilipiga marufuku uwindaji wa nyangumi wa Aktiki, mnyama mwenye kichwa kikubwa kilichopinda mfano wa upinde. Nyama yake ni chakula cha jamii hiyo tangu kale, nayo hugawanywa kijijini bila kuuzwa.

Chanzo cha marufuku kilikuwa takwimu. Wanasayansi walikadiria kwamba walibaki nyangumi kati ya 600 na 2,000 tu, baada ya meli za biashara kuwaua kwa wingi tangu mwaka 1848. Watazamaji walikaa juu ya barafu, ukingoni mwa mkondo wa maji unaofunguka baridi inapopungua, wakamhesabu kila nyangumi waliyemwona akipita.

Wawindaji wa mji wa Barrow (uitwao Utqiaġvik tangu mwaka 2016), akiwamo nahodha mkongwe Harry Brower, walisema hesabu hiyo ina kasoro. Nyangumi huyo haogopi barafu. Hupita chini yake na kuipasua kwa kichwa ili apumue, na wengi husafiri mbali na ukingo, jicho lisikofika. Hayo yalikuwa maneno ya watu wenye maslahi, na ingekuwa rahisi kuyapuuza. Thomas Albert, daktari wa mifugo aliyeongoza utafiti wa serikali ya mtaa ya North Slope, aliyageuza kuwa swali la kuchunguzwa.

Hapo biolojia ilihitaji msaada wa fizikia. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 vinasa sauti vilishushwa majini kando ya barafu. Mlio mmoja unapovifikia vinasa kadhaa kwa nyakati zinazopishana kidogo, huwezekana kukokotoa mahali ulikotoka. Milio ilithibitisha kwamba nyangumi walipita chini ya barafu na nje ya upeo wa macho. Kazi ngumu zaidi, ambayo husifiwa kwa nadra, iliwaangukia wanatakwimu: kuunganisha walioonekana na waliosikika bila kumhesabu mmoja mara mbili, kwani nyangumi mmoja huweza kulia mara nyingi na mwingine akapita kimya.

Makadirio ya mwaka 1993 yalifikia takriban 8,000, na ya mwaka 2011 yakawa takriban 16,800. Sehemu ya tofauti hiyo ilitokana na mbinu bora, lakini nyangumi nao waliongezeka kweli. Marufuku yenyewe haikudumu: kabla ya mwaka 1977 kwisha, IWC ilikubali mgawo wa mwaka 1978 wa nyangumi 12 watakaopatikana au 18 watakaopigwa chusa.

Suala la umri lilifuata njia hiyohiyo. Wazee walisimulia kwamba nyangumi huishi umri wa binadamu wawili, na katika miili ya baadhi ya waliowindwa zilipatikana ncha za vyusa vya mawe, silaha zilizoachwa tangu karne ya 19. Wanakemia walipima mabadiliko ya asidi ya amino katika lenzi za macho ya nyangumi 48. Matokeo yaliyotolewa mwaka 1999 yalionyesha kuwa wanne walizidi miaka 100, mmoja akikadiriwa kuwa na miaka 211, ingawa kadirio hilo laweza kupungua au kuzidi kwa miaka 35 hivi. Mnyama anayekua taratibu kiasi hicho huchelewa kuzaa, jambo ambalo mpangaji wa migao ya uwindaji hana budi kulijua.

Sasa barafu yenyewe imekuwa nyembamba na ya hatari kuikalia. Katika hesabu ya mwaka 2019 watazamaji walikaa tena ukingoni, na mwaka huohuo ndege nazo zikatumika kuwahesabu nyangumi kutoka angani.